Uhamisho wa malale Buganda

Uhamisho wa malale Buganda (1906–1909) ni hatua ya serikali ya Himaya ya Uganda ya kuwaondoa wakazi wa mwambao na visiwa vya Ziwa Viktoria ili kuwatenga na mbung'o, wadudu waenezao ugonjwa wa malale. Ugonjwa huo ulitambuliwa nchini Uganda katika hospitali ya Mengo mwaka 1901, na katika miaka iliyofuata uliua watu zaidi ya 200,000 Buganda na Busoga.

Mashauriano. Gavana Hesketh Bell hakuweza kutoa amri bila kupitia ufalme wa Buganda. Kabaka (mfalme) Daudi Chwa alikuwa bado mtoto, hivyo mazungumzo yalifanywa na walezi wake wakiongozwa na Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kaggwa, pamoja na Lukiiko, yaani baraza la Buganda. Machifu ndio waliowahamisha watu kutoka ukanda wa maili mbili kandokando ya ziwa. Visiwa vya Ssese vilihamwa mwaka 1909.

Mali. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulikuwa umetenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wamiliki binafsi. Kwa hiyo waliosimamia uhamisho walikuwa pia wenye mashamba: mpangaji akiondoka, kodi nayo hukoma. Wavuvi walizuiwa kuvua, mitumbwi ikaachwa, na migomba ikamezwa na vichaka.

Matokeo. Maambukizi yalipungua, lakini mwambao wenye rutuba ulibaki mtupu kwa miaka mingi. Wassese walianza kurejea karibu mwaka 1920.