Kutoka Baraza hadi Ukuta

Wakoloni waliugawa mji wa Dar es Salaam katika sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ilikuwa Uswahilini. Huko ilienea nyumba yetu ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mbele baraza.

Baraza lilikuwa la mtaa mzima. Mpita njia alitoa salamu akakaribishwa. Mzee alimwonya mtoto wa jirani, na wazazi wake wakashukuru.

Katika miaka ya 1970 Serikali ilipima viwanja Sinza, wananchi wakajijengea. Baadaye mji ulitambaa hadi Mbezi na Tegeta, na nyumba nyingi zikaja na sura nyingine: ukuta mrefu, geti la chuma, na vipande vya chupa juu. Hatuwalaumu wajenzi, kwani wezi wapo. Lakini sisi wenyewe tulipata kusikia kilio ng'ambo ya ukuta, tukalazimika kumwuliza mlinzi jina la marehemu, jirani yetu wa miaka sita. Tuliona haya.

Enyi vijana mtakaojenga kesho, jengeni ukuta mkiuhitaji. Ila siku ya kuhamia, kabla ya kupanga vyombo, tokeni mkabishe hodi kwa jirani, msije mkajuana naye msibani.