Wazee nchini Japani
Japani ni miongoni mwa nchi zenye uwiano mkubwa zaidi wa wazee duniani: zaidi ya robo ya wakazi wake wametimiza miaka 65. Watu huishi miaka mingi na watoto wanaozaliwa ni wachache, hivyo wachangiaji wa pensheni hupungua huku wanaoitegemea wakiongezeka. Mwaka 2000 ilianzishwa bima ya matunzo, inayochangiwa kuanzia umri wa miaka 40. Hulipia sehemu kubwa ya gharama za kumwogesha, kumlisha na kumuuguza mzee, nyumbani au katika makao ya wazee. Hata hivyo, watunzaji ni haba. Wazee wengi huishi peke yao. Baadhi hufariki bila mtu kujua, mpaka jirani aone magazeti yamerundikana mlangoni. Wajapani hukiita kifo hicho kodokushi, yaani kifo cha upweke.