'Insomnia': Kulala si kupata usingizi

Ndani ya visanduku vingi vya dawa mna karatasi nyembamba iliyokunjwa mara kadhaa, yenye maandishi madogo yanayomlazimu msomaji kukunja uso. Katika orodha ya madhara yanayoweza kumpata mtumiaji, neno la Kiingereza 'insomnia' hujitokeza mara kwa mara. Limo katika maelezo ya prednisolone, dawa inayotumiwa kutuliza uvimbe mwilini na ambayo wagonjwa wa pumu huandikiwa. Limo pia katika maelezo ya dolutegravir, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, na katika maelezo ya pseudoephedrine, inayotiwa katika baadhi ya dawa za mafua.

Asiyelifahamu neno hili huweza kudhani kwamba dawa yenyewe italeta usingizi mzito, akaamua kuimeza jioni, kumbe maana ni kinyume kabisa. Anayelifahamu naye aghalabu hulitafsiri kuwa ni 'kutolala'. Tafsiri hiyo haiko mbali na ukweli, lakini huacha nje kiini cha neno, na kuachwa kwa kiini hicho kunaweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyo yake.

Asili ya neno

'Insomnia' ni neno lenye asili ya Kilatini. Kiambishi 'in-' hukanusha, na 'somnus' ni usingizi. Warumi wa kale walimwita Somnus mungu wa usingizi, naye alilingana na Hypnos wa Wagiriki. Kiingereza kilianza kulitumia neno hili katika karne ya 17, ingawa kilikuwa na njia zake za asili za kusema kwamba mtu hana usingizi.

Kilatini chenyewe kilikuwa na mtego hapa. Mbali na 'insomnia' yenye maana ya kukosa usingizi, kulikuwa na neno 'insomnium' lenye maana ya ndoto, ambalo wingi wake pia ni 'insomnia'. Mfasiri wa maandishi ya kale hana budi kutazama muktadha ili ajue kama mhusika alikosa usingizi au alisumbuliwa na ndoto. Kiingereza kiliichukua maana ya kwanza.

Kulala kuna maana mbili

Ugumu wa kulieleza neno hili kwa Kiswahili watokana na kitenzi 'lala'. Kitenzi hiki hubeba maana mbili kwa pamoja. Kwanza ni kujinyoosha kitandani au mkekani. Pili ni kuchukuliwa na usingizi. Mtu akisema, "Jana sikulala," msikizaji hana hakika kama hakupanda kitandani kabisa au alipanda akabaki macho. Kwa upande mwingine, si ajabu kumsikia mtu akisema, "Nililala lakini sikupata usingizi," na kila mzungumzaji wa Kiswahili akamwelewa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoikaribia 'insomnia' kuliko zote. Mwenye insomnia ana kitanda, ana muda na ana utulivu, ila usingizi wenyewe haumjii. Hujipindua ubavu huu na huu, husikiliza jogoo wa kwanza na wa pili, na kunapopambazuka huwa amechoka kuliko alivyokuwa jioni.

Kiswahili kina maneno ya kuieleza hali hiyo. Husemwa kwamba usingizi umempaa, kwamba hakupata hata lepe la usingizi, au kwamba alikuwa katika mang'amung'amu, yaani kati ya usingizi na kuwa macho. Kinyume chake ni kulala fofofo au kulala usingizi wa pono, samaki anayesifika kwa usingizi mzito.

Kukesha ni jambo jingine

Kosa linalotokea mara nyingi ni kukifanya kitenzi 'kesha' kuwa sawa na 'insomnia'. Kukesha ni kukaa macho usiku kucha, na mara nyingi kuna sababu inayojulikana. Bawabu hukesha langoni kwa kuwa ndiyo kazi yake. Muuguzi wa zamu ya usiku hukesha wodini. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kuelekea Malaba hukesha barabarani. Mtahiniwa hukesha akidurusu, Wakristo hukesha kanisani katika mkesha wa Mwaka Mpya, na Waislamu hukesha katika ibada usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani. Waombolezaji nao hukesha matangani.

Wote hao wamekosa usingizi, lakini hakuna kati yao ambaye kwa hilo pekee anaweza kuitwa mgonjwa wa insomnia. Usingizi haukuwakimbia; wao ndio walioukimbia, au wamezuiwa kuufikia. Kiingereza huiita hali ya kunyimwa usingizi kwa namna hiyo 'sleep deprivation', na kesha la ibada au la kulinda hukiita 'vigil'. Hayo ni maneno matatu yenye mipaka yake, na kuyaweka yote katika chungu kimoja cha 'kukosa usingizi' ni kuyafifisha.

Mfano maarufu wa tofauti hiyo ni wa Randy Gardner, mwanafunzi wa umri wa miaka 17 katika mji wa San Diego, Marekani. Kati ya Desemba 1963 na Januari 1964 alikaa macho kwa saa 264, yaani siku 11, kama jaribio la kisayansi la shuleni. Jaribio lilipomalizika alilala kwa muda wa saa 14 hivi. Hiyo haikuwa insomnia. Kijana alikesha kwa hiari, na alipoupa usingizi nafasi, ulikuja mara moja. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, Gardner alieleza kwamba sasa usingizi ulikuwa ukimkataa hata alipoutaka. Hapo ndipo neno 'insomnia' lilipomstahili.

Matumizi katika sentensi

Katika sarufi ya Kiingereza, 'insomnia' ni nomino isiyohesabika. Haitanguliwi na 'an', wala kwa kawaida haifanywi wingi. Mtu husemwa kuwa 'has insomnia' au 'suffers from insomnia'. Kusema 'I am insomnia' ni kosa, kwa kuwa msemaji hujigeuza kuwa maradhi yenyewe. Mwenye hali hiyo huitwa 'insomniac'. Usiku uliopita bila usingizi, kwa upande wake, huitwa 'sleepless night', nao huweza kumpata mtu yeyote mara moja tu kwa sababu ya msiba, mtihani au mtoto mchanga anayelia.

Neno hili linapotumiwa ndani ya Kiswahili, halina haja ya kubadilishwa tahajia, kwani silabi zake hutamkika bila taabu. Upatanisho wake hufuata kiambishi 'i-', mathalani: "Insomnia imemsumbua kwa miezi mitatu." Anayetaka kusema kwa Kiswahili kitupu anaweza kuandika 'maradhi ya kukosa usingizi'. Neno 'maradhi' hapo si pambo. Ndilo linalomtenganisha mgonjwa na bawabu.

Wanahabari nao wana matumizi yao. Vichwa vya habari hutangaza kwamba mgombea fulani amewakosesha wapinzani wake usingizi, au kwamba madeni yananyima serikali usingizi. Hiyo ni sitiari ya wasiwasi, na Kiingereza kina semi za kufanana nayo. Hata hivyo, mwandishi wa Kiingereza aliye makini hatasema kwamba serikali ina 'insomnia', isipokuwa kwa mzaha. Neno hilo hubaki zaidi katika chumba cha daktari, na mara nyingine katika sanaa. Mwaka 2002 mwelekezi Christopher Nolan alitoa filamu yenye jina hilo, kutokana na filamu ya Norway ya mwaka 1997. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Al Pacino, ni mpelelezi aliye Alaska katika msimu ambao jua halitui. Ana chumba na ana kitanda, lakini mwanga wa nje na dhamiri yake havimpi usingizi. Jina la filamu lilichaguliwa barabara.

Kipimo cha madaktari

Madaktari hawaliachi neno hili lielee. Mwongozo wa Chama cha Matibabu ya Akili cha Marekani uliochapishwa mwaka 2013, unaojulikana kama DSM-5, unataja sura tatu za hali hii: kuchelewa kupata usingizi, kuzindukazinduka usiku, na kuamka alfajiri mno bila kuweza kulala tena. Ili ihesabiwe kuwa maradhi, sharti itokee angalau mara tatu kwa wiki, idumu angalau miezi mitatu, na imwathiri mtu katika shughuli zake. Aidha, sharti itokee ilhali mtu ana nafasi ya kutosha ya kulala. Sharti hili la mwisho ndilo ufafanuzi wa neno zima.

Kutokana na sharti hilo, usiku mmoja au miwili ya kujigaragaza kitandani haitoshi kumfanya mtu aitwe mgonjwa. Wala si mgonjwa yule ambaye saa zake nne za kulala zimetokana na kazi mbili na safari ndefu ya matatu. Huyo anahitaji muda. Mwenye insomnia anao muda, na wakati mwingine anao kupita kiasi.

Hata malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, una funzo hapa. Jina lake huwafanya watu waamini kwamba mgonjwa hulala tu. Katika hatua yake ya mwisho, vimelea vinapofika kwenye ubongo, mpangilio wa usingizi huvurugika. Mgonjwa husinzia mchana na hukaa macho usiku. Ndani ya ugonjwa ulioitwa kwa kulala, mna insomnia.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu

Chukua mfano wa watu wawili wanaofika zahanati moja, kila mmoja akisema, "Daktari, silali." Wa kwanza ni mlinzi anayerudi nyumbani asubuhi na kuwakuta watoto wakicheza na redio ya jirani ikivuma. Akipewa chumba tulivu na chenye giza, atalala fofofo. Wa pili ni mjane ambaye tangu amzike mumewe hupanda kitandani saa mbili usiku na kubaki akitazama dari hadi saa kumi. Kauli yao ni moja, lakini shida zao ni mbili.

Mlinzi akiambiwa ajitengee saa nyingi zaidi za kulala, atapona. Mjane akipewa ushauri huohuo, huenda akazidi kuumia, kwa sababu kadiri anavyokaa kitandani akiwa macho ndivyo akili yake inavyozoea kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Ndiyo maana tiba ya insomnia sugu humtaka mgonjwa afanye yanayoonekana kama kinyume: apunguze saa za kukaa kitandani, aamke saa ileile kila siku, na usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi aondoke kitandani, akae penye mwanga hafifu, kisha arudi anapoanza kusinzia. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba tiba hii ya mazungumzo na mabadiliko ya mazoea itangulie kwa watu wazima, kabla ya vidonge.

Vidonge vyenyewe vina nafasi yake, lakini vile vya jamii ya benzodiazepine huweza kumzoesha mtumiaji hadi akashindwa kuviacha, na usinzi wake huweza kuendelea hadi asubuhi. Dereva au mlinzi ambaye tatizo lake ni uhaba wa muda, akipewa dawa hiyo kwa kuwa tu alisema "silali", ameongezewa hatari badala ya kupunguziwa. Naye mgonjwa ambaye usingizi umempaa tangu aanze dawa fulani hapaswi kuiacha kimyakimya. Amweleze aliyemwandikia, kwani wakati mwingine kuhamisha saa ya kuimeza kutoka jioni hadi asubuhi hutosha kuleta nafuu.

Kwa hivyo, mtu anapoulizwa na daktari kuhusu usingizi wake, asiridhike na neno moja. Na aeleze alipanda kitandani saa ngapi, usingizi ulimchukua baada ya muda gani, aliamka mara ngapi, na kama akipata siku ya mapumziko hulala vyema. Jibu la swali hilo la mwisho husaidia kumtenga aliyenyimwa usingizi na aliyekataliwa nao.

Wahenga walisema kwamba usiku wa deni haukawii kucha. Kwa mwenye insomnia hali ni nyingine: usiku wake hukawia, na kila saa huhesabiwa. Mtu huyo asiitwe mkeshaji, na taabu yake isichanganywe na ya bawabu wa langoni. Yeye amelala, usingizi ndio uliokosekana.