Kitufe cha Tab kinapogoma katika sheli ya Unix

KOMPYUTA nyingi zinazotumia mifumo ya jamii ya Unix humwezesha mtumiaji kuandika herufi chache za mwanzo wa jina la faili, akabonyeza kitufe cha Tab, na herufi zilizobaki zikajiandika zenyewe. Hata hivyo, anayeingia katika sheli ya msingi, iitwayo sh, mara nyingi hukuta kitufe hicho kikiacha nafasi tupu tu.

Sababu ni ya kihistoria. Sheli ya Stephen Bourne wa maabara za Bell nchini Marekani, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, haikuwa na uwezo huo. Baadhi ya sheli zilizofuata zinao, lakini huwa umezimwa hadi mtumiaji auwashe.

Suala hili si la uvivu wa vidole. Amri ya rm hufuta moja kwa moja, bila kapu la taka. Iwapo zipo folda mbili, "hesabu" na "hesabu zamani", na mtu anayetaka kuondoa ya pili akaandika rm -r hesabu zamani, sheli husoma majina mawili. Folda ya kwanza, ambayo haikukusudiwa, hufutwa. Ndipo kompyuta inapolalamika kwamba "zamani" haipo. Katika bash, sheli iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, kubonyeza Tab mara mbili baada ya neno hesabu huonesha folda zote mbili. Aidha, bash ikikamilisha jina lenye nafasi huweka alama ya mkwaju wa nyuma (\) kabla ya nafasi hiyo, ili lisomwe kama jina moja.

Kwa watumiaji wa NetBSD, amri zinazohitajika ni mbili: set -o emacs, kisha set -o tabcomplete. Jina emacs lisimtishe mtu, kwani programu ya Emacs yenyewe haihitajiki. Mpangilio huo hupotea sheli ikifungwa, hivyo amri hizo ziandikwe katika faili la .shrc, na katika .profile uongezwe mstari huu:

ENV=$HOME/.shrc; export ENV

Katika AIX ya IBM, ambako sheli ya kawaida ni ksh ya David Korn, Tab haitumiki kabisa. Huandikwa set -o emacs, kisha kitufe cha Esc hubonyezwa mara mbili. Waliozoea set -o vi hubonyeza Esc na kufuatisha \.

Debian na Ubuntu ni habari nyingine. Huko sh ni dash, sheli ndogo iliyokusudiwa kuendesha maagizo ya mfumo kwa kasi, na kwa miaka mingi imesambazwa bila sehemu ya kuhariri mstari wa amri. Tab ikigoma hapo, hakuna mpangilio wa kuifufua. Mtumiaji aandike bash na kubonyeza Enter, au abadili sheli yake kwa amri chsh -s /bin/bash, ambayo huanza kufanya kazi atakapoingia tena.