Jembe la Wasamia na Msamiati wa Chuma

Kila mwaka darasani huzuka hoja ileile: kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia uhandisi kwa kuwa hakina maneno ya kutosha. Makala haya mafupi yanaitazama hoja hiyo kwa kupitia historia ya chombo kimoja cha kawaida, yaani jembe la Wasamia.

Wasamia wanaishi kandokando ya Ziwa Viktoria, pale Majanji upande wa Uganda na katika vilima vya Samia upande wa Kenya. Hadi mwaka 1902 pande zote mbili zilitawaliwa kutoka Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda katika nchi ambayo leo ni Kenya, na mpaka ukawakata Wasamia vipande viwili. Vilima vyao vina mawe ya chuma, na wahunzi wao walisifika hata kwa majirani. Waluo, kwa mfano, walipata majembe kutoka Samia kwa kubadilishana mali.

Je, jembe hilo lilipatikanaje? Mawe yalichomwa kwa makaa katika tanuri, huku mivukuto ikisukuma hewa. Chuma huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi, na kwa kawaida tanuri za namna hiyo hazikufika hapo. Kwa hiyo chuma hakikutiririka kama maji. Kilitoka kama bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. (Neno hili lisituonee haya, limo katika kamusi.) Hapo ndipo kitenzi *kufua* kinapopata uzito wake. Mhunzi alilipasha bonge moto na kuligonga tena na tena, mavi yakatoka, matundu yakazibika, chuma kikashikamana. Bonge lisilofuliwa vizuri lilibaki na mavi ndani, na jembe lake lilipasuka pale pale palipo na mavi.

Tofauti nyingine inatokana na kaboni ambayo chuma hunyonya kutoka kwenye makaa. Kikiwa na kaboni kidogo sana huwa laini: kikigonga jiwe hupinda, nacho hunyooshwa. Kikiwa nayo zaidi, lakini isizidi takriban asilimia 2, huitwa pua (si ile ya usoni!), na wazee wa pwani waliiita feleji ile pua bora ya kutengenezea panga. Ikizidi hapo hupatikana chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini huvunjika kikigongwa.

Halafu kuna *kutia matiko*, yaani kukipasha chuma moto na kukitumbukiza majini ili makali yawe magumu. Jambo hili hufaulu kwa pua tu. Ukikitia matiko chuma laini cha jembe, umepoteza maji yako bure. Pua nayo ikishapozwa ghafla huwa rahisi kuvunjika, hivyo hupashwa tena moto wa wastani ili ipate ustahimilivu. Wahandisi huzihesabu hizi kuwa hatua mbili. Nimeona tafsiri zinazotumia *matiko* kwa zote mbili, na kwa maoni yangu ni kosa la hatari: fundi akifuata maelezo hayo na kuiacha hatua ya pili, patasi itamvunjikia mkononi. Ningependekeza *matiko* libaki kwa hatua ya kwanza, na ya pili iitwe *kulegeza matiko*.

Elimu hii haikuwa ya Samia peke yake. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la *Science* jinsi wazee wa Buhaya, ng'ambo ya ziwa, walivyotoa pua katika tanuri za jadi. Maelezo yao kuhusu hewa kupata joto kabla ya kuingia tanurini yamebishaniwa sana.

Majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei nafuu wakati wa ukoloni, tanuri zilizimika. Kufua hakukukoma. Mafundi wa jua kali leo hutengeneza mapanga kwa springi za magari, ambazo ni pua yenye kaboni ya kutosha kutiwa matiko.