Mbwa Mchanga Mharibifu na Mtoro (Kisiwa cha Mombasa)

Mbwa mharibifu na mtoro ni mbwa mwenye nguvu nyingi, aghalabu wa miezi 6 hadi miaka 2, anayetafuna vitu, kufukua na kuchopoka uani. Kisiwani Mombasa mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Lakini Mji wa Kale wa kisiwa hicho ni himaya ya paka. Wakazi wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo huruhusu mbwa wa kulinda, kuwinda na kuchunga, lakini humhesabu mbwa mwenyewe, pamoja na mate yake, kuwa najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Kwa hiyo utoro wa mbwa huko si jambo la kucheka. Vichochoro ni vyembamba, baraza zimejaa watu. Mbwa aliyelowa akimfukuza paka na kugusa kanzu ya mtu aendaye msikitini, mtu huyo hana budi kurudi nyumbani kujitwahirisha.

Nje ya Mji wa Kale, kwenye nyumba zenye nyua, kama za mitaa ya Kizingo na Tudor, wengi humfunga mbwa wa ulinzi mnyororo mchana kutwa na kumfungua usiku, wakiamini atakuwa mkali. Anakuwa mkali kweli, ila kwa hofu, na nguvu alizolimbikiza huishia kwenye champali, mabomba ya maji na mlango wa banda. Kilebu wa miezi 3 hadi 7 ana sababu nyingine: anabadili meno, na ufizi unamuwasha.

Kufukua nako si ukorofi kila mara. Majira ya kaskazi, Desemba hadi Machi, joto humfanya atafute udongo wa baridi. Apewe kivuli na maji, ataacha. Anayefukua chini ya ua anataka kutoka. Huyo huzuiwa kwa mawe yaliyozikwa kwenye msingi wa ua, na kwa kuondoa pipa lililoegemea ukuta, maana kwake pipa ni ngazi. Dume huvutwa na harufu ya jike aliye tayari kupandwa. Kuhasiwa hupunguza uzururaji huo, lakini hakumfundishi kuacha kutafuna viatu. Usiku wa fataki, ikiwa ni Idi au Diwali, hata mbwa mtulivu huruka ukuta, hivyo ni heri alale ndani ya chumba kilichofungwa.

Dawa kubwa ni kazi. Atembezwe kwa kamba alfajiri na jioni, kwani lami ya mchana huunguza nyayo, na aachiwe anuse atakavyo. Badala ya kumtilia chakula chote sahanini, dagaa wakavu hutawanywa uani awatafute kwa pua. Robo saa ya kunusa humchosha kuliko wengi wanavyodhani. Mifupa iliyopikwa isitumike, hupasuka vipande vikali. Akirudi kutoka utoroni asipigwe: atajifunza tu kwamba kurudi nyumbani ni hatari.

Mtoro asiyechanjwa ni hatari kwa jirani. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa. Aliyeumwa na mbwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anajulikana ni wa nani.