Farasi wa Ranchi za Australia: Kutoka Swaga hadi Likizo

Familia zinazokwenda likizo katika nyika ya Australia, yaani ile sehemu kame na pana iliyo mbali na miji ya pwani, aghalabu hutenga siku moja ya kupanda farasi kwenye ranchi inayopokea wageni, na wengi huihesabu siku hiyo kuwa burudani tupu; ilhali tandiko wanalolikalia lilibuniwa kwa ajili ya kazi ya kuswaga ng'ombe, kazi ambayo kaskazini mwa nchi hiyo ilitegemea sana watu waliolipwa ujira duni au wasiolipwa fedha kabisa.

Farasi hawakuwapo Australia kabla ya mwaka 1788, wakati meli za Waingereza zilipofika Sydney zikiwa na farasi wachache walionunuliwa Rasi ya Tumaini Jema. Walistawi upesi, kwa kuwa huko hakuna ndorobo wala ugonjwa wa farasi wa Afrika, maradhi ambayo yaliwazuia wanyama hao kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Waliotoroka au kuachwa wakageuka farasi mwitu, wanaojulikana kama brambi, na waliofugwa wakawa wengi kiasi cha kuuzwa India kwa matumizi ya jeshi.

Kabla ya malori, ng'ombe walifikishwa sokoni kwa miguu yao wenyewe. Njia mashuhuri zaidi, iliyopimwa na Alfred Canning mnamo 1906 na 1907, ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 1,850 kutoka Halls Creek hadi Wiluna, nayo ilikatiza jangwani kwa kufuata visima vilivyochimbwa kwa ajili hiyo, vingine kando ya maji ambayo wenyeji wa asili walikuwa wakiyatumia tangu zamani na ambayo Canning alionyeshwa na wenyeji aliowakamata na kuwafunga minyororo. Usiku wachungaji walipokezana zamu ya kulizunguka kundi wakiwa juu ya farasi, huku wakiimba kwa sauti ya chini ili ng'ombe wasishtuke na kutimua mbio, na kwa zamu hiyo alichaguliwa farasi mtulivu aliyeona vizuri gizani.

Wengi wa wapanda farasi hodari wa kaskazini walikuwa wenyeji wa asili, wanaume kwa wanawake, ambao waliendelea kuishi katika ardhi yao baada ya kunyang'anywa, wakilipwa unga, sukari, chai, tumbaku na nyama. Tarehe 23 Agosti 1966, mchungaji wa ng'ombe Vincent Lingiari aliwaongoza wenzake Wagurindji, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kuondoka katika ranchi ya Wave Hill, iliyomilikiwa na kampuni ya Kiingereza ya Vestey. Na jambo lililoanza kama mgomo wa mishahara na hali ya maisha likadhihirika kuwa dai la ardhi, hadi mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipomtilia Lingiari mchanga mkononi kuwa ishara ya kurudishiwa sehemu ya ardhi hiyo. Mapema mwaka huohuo wa 1966 baraza la usuluhishi wa kazi lilikuwa limeamua kwamba wachungaji hao walipwe sawa na Wazungu kuanzia Desemba 1968, na wenye ranchi wengi wakaitikia kwa kuwaachisha kazi na kuzifukuza familia zao. Kuilaumu hukumu hiyo peke yake, kama wafanyavyo baadhi ya watu, si haki: helikopta na pikipiki zilikuwa njiani, na malori yenye matela kadhaa yalikwisha kuanza kuzichukua njia za swaga.

Hivyo katika ranchi nyingi farasi alibaki bila kazi yake ya zamani, na utalii ukampatia nyingine. Tandiko la kichungaji lina kiti chenye kina na, mbele ya mapaja, vishikizo viwili vilivyotuna, ambavyo humzuia mpandaji asirushwe mbele farasi anapogeuka ghafla kumkabili fahali; leo vishikizo hivyohivyo humsaidia mtoto asiyewahi kushika hatamu. Huko Longreach, Queensland, jumba la makumbusho la wachungaji lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1988, miaka 20 baada ya hukumu ya mishahara kuanza kutekelezwa, wakati ambapo wengi wa waliofukuzwa walikuwa wangali wakiishi pembezoni mwa miji midogo, mbali na ranchi walizozijenga.